Udongo wa Avenue ya Saba

Saa nne asubuhi, watoto wa darasa la tano wakishatoka kwenda kucheza, Madame Consolate alikuwa na desturi ya kubaki darasani, kufuta ubao kwa kitambaa chenye maji, kisha kula kiazi kitamu alichokifunga kwenye gazeti. Siku hiyo kiazi hakukigusa. Alisimama dirishani akitazama darasa la jirani, ambako ng'ombe wa udongo alikuwa anakamuliwa.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa na kimo cha kikombe. Watoto wa Mademoiselle Elvire walikuwa wamemfinyanga asubuhi hiyo hiyo katika somo la mifugo, na walipomaliza kumwekea pembe akajikung'uta, akalia, akasimama. Mtoto mmoja alimkamua kwa vidole viwili. Maziwa yalitoka kidogo, ya kujaza kifuniko cha chupa ya bia, lakini vifuniko vilikuwepo tele kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakihesabia, basi kila mmoja akapata chake. Mkuu wa shule alipita, akachungulia, akasema ng'ombe asiachwe kula maua ya pale kwenye bendera. Kisha akaenda zake ofisini.

"Wa kwangu wanataja sehemu zote za ng'ombe," Consolate alijisemea. "Zote. Tena kwa Kifaransa."

Na kweli walizitaja. Darasa la Consolate lilijibu kwa sauti moja tangu zamani, hata mpita njia wa barabarani alikuwa anajifunza bila kutaka. Lakini ng'ombe waliotajwa kwake hawakuwa wametoa maziwa hata siku moja, na sasa shule nzima ilikuwa inalijua hilo. Roho ilimuuma, ikamuuma hasa.

Shule ilikuwa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, mwaka wa 1998. Vita vilikuwa vilimani, vikwazo vilikuwa mipakani, na chaki ilikuwa inagawiwa kama dawa. Ndipo ilipokuja semina ya mbinu mpya. Walimu waliambiwa kwamba mwanafunzi ndiye awekwe katikati: ashike, avunje, aulize, agundue mwenyewe. Mwalimu akae pembeni, asimtafunie jibu. Vifaa viokotwe hapo hapo watu wanapoishi. Kila shule ilitakiwa kupeleka mtu mmoja. Consolate alikuwa amekwisha kupiga pasi kitenge chake kizuri na kuwaaga majirani, mkuu wa shule alipomwita pembeni.

"Mama Consolate, wao wanataka vijana. We kazi unaijua tayari, semina itakufundisha nini?"

Alimwambia kwa heshima kubwa, na heshima yenyewe ndiyo iliyomchoma. Kijana aliyepelekwa alikuwa Elvire.

Sasa, tusimsingizie Elvire. Alikuwa msichana mpole, mwenye meno mazuri, anayesalimia wakubwa kwa mikono miwili. Kosa lake ni kwamba alitoka Kinanira, kule mlimani kusini, na kila jioni alirudi kulala katika nyumba aliyozaliwa. Kila mara alikuwa na neno "kwetu" mdomoni. Kwetu paa linavuja. Kwetu mlango wa jikoni unalia. Kwetu kuna paka mjinga. Alilisema kama mtu anavyotema maganda ya njugu, bila kulifikiria, na kila alipolisema Consolate aligeuka akatazama kando. Gere aliyomwonea yule binti haikuanzia kwenye ng'ombe.

Yeye kwao kulikuwa Kamenge. Nyumba ilichomwa mwaka wa kwanza wa vita na mumewe hakutoka. Consolate alitoka na beseni na saa ya ukutani isiyotembea, akahangaika huku na huku kwa ndugu, mpaka bwana mmoja mwenye funguo nyingi mkononi alipompa nyumba yenye mlango wa kijani, Avenue ya Saba, Mutakura. "Wenyewe wameondoka," alisema yule bwana. Consolate hakuuliza wameondoka kwenda wapi. Mekoni alikuta sufuria ya maharage, bado ya moto. Alikuwa na njaa, akayala, akaosha sufuria, akaitundika mahali pake.

Baada ya semina likaja tangazo. Monsieur Valéry, mkaguzi wa shule, angepita kumchagua mwalimu mmoja awe mkufunzi, wa kuzunguka shule zote za kaskazini na kuwafundisha wenzake. Mkufunzi angekaa mbele, walimu wengine wakikaa kwenye madawati kama watoto. Consolate alipolisikia hilo hakulala vizuri tena. Alikwenda ofisini akasema darasa lake nalo likaguliwe, tena akasema akiwa amesimama, hakukubali kiti.

"Lakini semina hukuifanya," mkuu wa shule alimwambia.

"Nimefundisha watoto huyo binti akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Nitamwonyesha."

Tangu hapo akawa kila mapumziko yuko dirishani, na hata vipindi vingine aliwapa wanafunzi wake kazi ya kunakili ili apate kusikiliza. Aliyashika maneno yote. "Nyinyi mwaonaje?" "Nani mwingine ana wazo?" "Muulize mwenzako." Aliona kuku wa udongo wakitaga mayai madogo kama punje za mahindi. Aliona wingu la maganda ya mgomba likinyesha juu ya ramani ya nchi, na watoto wakionyeshana mito inavyojaa. Elvire alikuwa amekaa pembeni kabisa, kwenye kidebe, mikono magotini, kana kwamba hayo yote hayamhusu. Hilo lilimkera Consolate kupita mengine. Mtu anapata sifa akiwa ameketi!

Siku moja Elvire alimwona.

"Mama Consolate, ingia basi. Mi nitakuonesha yote. Na udongo nitakuletea, kwetu kule mutoni uko mwingi."

Kwetu tena.

"Asante, mutoto wangu," Consolate alisema. "Udongo ni udongo."

Akafunga dirisha.

Mto wa karibu na shule haukuwa wa kwendea. Ng'ambo yake walikaa watu wenye bunduki, na huku walikaa wengine. Basi Consolate aliwaambia wanafunzi kila mmoja alete udongo wake, popote atakapoupata. Wakauleta kutoka mahali ambako kila mtu Mutakura alikuwa anachukua alichohitaji, yaani kwenye nyumba zilizoachwa. Mabati yalikwisha kwenda zamani, milango ikafuata, na madirisha. Zilibaki kuta tu, za matofali ya rukarakara, yale yaliyokaushwa juani bila moto. Watoto walivunja matofali, wakayaloweka kwenye mabeseni. Siku ya ukaguzi ilipofika udongo ulikuwa laini, unavutika, mwekundu hata zaidi ya ule wa Elvire. Consolate aliukanda mwenyewe kwa mikono miwili na kwa mara ya kwanza tangu semina moyo wake ukatulia.

Monsieur Valéry alianza na darasa la Elvire. Alikunywa maziwa ya kifuniko kimoja, akashukuru. Kisha akaja kwa Consolate, akavuta kiti nyuma ya darasa, akafungua kalamu.

"Leo," Consolate alisema, "tunatengeneza avenue zetu. Mimi sisemi kitu. Mtagundua wenyewe."

Watoto wakafinyanga. Walizipanga nyumba sakafuni, avenue baada ya avenue, na kwa kuwa walikuwa watoto wa pale walizijua zote: yenye duka, yenye mparachichi, yenye ngazi iliyomeguka. Nyumba ambazo sasa zilikuwa kuta tupu walizipa paa, kwa kuwa waliona hazipendezi bila paa. Consolate alikuwa amekaa pembeni kwenye kidebe alichokiazima, mikono magotini. Alimtupia jicho Monsieur Valéry, akaona anaandika haraka.

Nyumba ya mwisho ilipokamilika, milango ikaanza kufunguka na watu wakatoka. Walikuwa na kimo cha kidole. Mwanamke mmoja akamwaga maji ya kuoshea vyombo. Mzee akatoa stuli akaketi juani. Watu walisalimiana toka ng'ambo moja ya avenue hadi nyingine, wakaulizana habari za usiku. Wanafunzi walilala kifudifudi sakafuni ili wawaone vizuri.

"Huyu ni mama aliyekuwa anauza samaki wa ndagala!" mmoja alisema.

"Na yule alikuwa anatengeneza baiskeli."

"Nyinyi mwaonaje?" Consolate aliuliza, kwa sauti ya Elvire. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko alivyoomba. Ng'ombe mmoja angekuwa nini mbele ya avenue nzima? Alitamani Elvire awe dirishani.

Ndipo alipoiona nyumba yenye mlango wa kijani. Mtoto aliyeitengeneza alikuwa ameupaka mlango kwa jani la maharage. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamume mwenye penseli nyuma ya sikio, na nyuma yake mwanamke aliyebeba kitoto mgongoni. Yule mwanamume aliujaribu mlango, akaufunga na kuufungua, akaupapasa ubao wake. Kisha akaanza kujitafuta mifukoni.

Fabiola alinyoosha kidole. Huyu Fabiola alikuwa binti wa dawati la mbele, asiyependa kuacha swali njiani.

"Madame, tunaweza kumuuliza kitu?"

Darasa lote likamgeukia Consolate. Monsieur Valéry naye akainua kalamu, akangoja. Zamani Consolate angesema kaa chini, na Fabiola angekaa. Lakini mbinu mpya haikuwa na kaa chini. Akisema hapana, kazi ya ukufunzi imekwenda Kinanira na maziwa yake. Akisema ndiyo, itajulikana mlango wa kijani ni wa nani. Alimfikiria Elvire akiwa mbele, na yeye kwenye dawati kama mtoto, akiandika maneno ya Elvire.

"Muulize," alisema.

"We baba," Fabiola alisema, akiinama, "jina lako nani, na unakaa wapi?"

"Mi naitwa Libère, seremala," yule mtu alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika mpaka nyuma. "Huyu ni bibi yangu, Caritas. Tunakaa Avenue ya Saba, pale penye mulango wa kijani. Mulango niliutengeneza mi mwenyewe."

"Sasa mbona uko nje?"

"Niko natafuta ufunguo. Tulitoka mbio. Caritas aliacha maharage mekoni."

"Yameungua?" kitoto kimoja cha dawati la nyuma kiliuliza.

"Sijui," Caritas alisema. "Ndiyo mi nataka kuangalia."

Fabiola alifikiri kidogo. Alikuwa amefundishwa kwamba anayegundua jambo awaambie wenzake.

"Madame, mulango wa kijani Avenue ya Saba ni kwako."

"Ndiyo," Consolate alisema. "Ni kwangu."

"Lakini huyu mutu anasema ni kwake."

Libère alimwangalia Consolate kwa adabu, kama fundi anavyomwangalia mteja ambaye bado hajamaliza kusema. Wakati huo, kwenye avenue ya nyuma, kibibi kimoja cha udongo kilikuwa kimetoka kwenye nyumba ya ghorofa moja, kikatembea hadi karibu na kiti cha Monsieur Valéry, kikasimama kikimtazama usoni. Kilimtazama muda mrefu, kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Monsieur Valéry alikohoa, akakigeuza kiti chake upande wa dirisha.

"Très bien," alisema. "Wanafunzi wameshiriki. Tuendelee na swali lingine."

Watoto walipotoka kucheza, Monsieur Valéry alibaki na Consolate. Alimwambia hajaona somo kama lile katika ukaguzi wake wote, kwamba watoto wamegundua wenyewe tena bila kusukumwa, na kwamba barua ya ukufunzi itafika. Kisha akapunguza sauti.

"Huu udongo, Madame, ulitoka wapi?"

"Kwenye kuta, Monsieur."

"Basi hapo ndipo pa kurekebisha."

Walipeana mikono. Consolate alitoka uani kifua mbele, akimtafuta Elvire kwa macho, kwani ushindi usioonwa na mshindwa si ushindi. Alimkuta chini ya paa la jikoni la shule, akimpa ng'ombe wake majani.

"Nimesikia, Mama Consolate. Hongera." Na alikuwa hatanii, yule binti, alitabasamu na meno yake yote. "Lakini wale batu, sasa utawafungulia?"

Consolate alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo.

"We unaniuliza hivyo kwa sababu ulizaliwa na mulango wako!" alisema, na sauti ikapanda bila yeye kutaka. "Kila siku kwetu, kwetu, kwetu. Hata paa likivuja, linavuja kwenu! Mi niwafungulie, halafu niende wapi? Kamenge? Kwenye majivu? Nani alinifungulia mimi?"

Elvire aliangalia mikono yake yenye udongo. Halafu akasema taratibu kwamba hakujua neno hilo linamuumiza, na tangu siku hiyo hakulisema tena mbele yake. Consolate akakuta amekosa hata sababu ya kumchukia.

Shule ilipofungwa watu wa udongo nao wakaondoka. Walifuata ukingo wa barabara, kila familia na vyombo vyake. Kwenye kizuizi askari waliwadai vitambulisho. Hawakuwa navyo, wakawekwa chini kwenye mstari mpaka jua lilipoanza kuinama, kisha askari mmoja akachoka akawaambia wapite. Wengi walikuta viwanja vyenye majani matupu, wakaketi humo humo. Wapita njia walijifunza kuangalia wanapokanyaga.

Libère na Caritas walifika Avenue ya Saba Consolate akiwa anafagia ua.

"Karibuni," alisema, kwa kuwa ndivyo mtu anavyosema.

"Asante, Mama. Tunaomba ufunguo."

"Kesho," Consolate alisema.

Walikubali. Walikwenda kukaa upande wa ukuta wa magharibi, kati ya pipa na mparachichi, mahali ambapo upepo wa ziwa unapita jioni. Consolate alikuwa ameishi pale miaka yote hiyo, akilalamikia joto, na hakuwahi kujua kwamba upepo unapita pale. Walikaa kama watu waliokaa pale maisha yao yote. Kesho yake Libère aliomba tena, akaambiwa kesho.

Barua ya ukufunzi ilikuja. Consolate alizunguka shule zote za kaskazini akiwa na kitenge chake kizuri. Walimu walikaa kwenye madawati, magoti yakiwafika kidevuni, naye akasimama mbele. Aliwafundisha vizuri, lazima tuseme ukweli. Mwanafunzi awe katikati. Mwache aulize. Usimtafunie jibu. Elvire naye alikaa dawati la tatu, akaandika kila kitu.

"Na udongo," Consolate aliwaambia kila mahali, "uchukuliwe mtoni, hata kama ni mbali. Usichukuliwe kwenye kuta."

"Kwa nini, Madame?" mwalimu mmoja wa Kamenge aliuliza.

"Hauna ubora."

Wakaandika hauna ubora. Monsieur Valéry, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alitikisa kichwa kukubali.

Mwezi wa tisa mvua zikaanza. Ya kwanza ilinyesha kutwa nzima, mvua ya kung'oa mimea, na Consolate alikaa ndani akiisikiliza inavyopiga mabati. Udongo mbichi haustahimili maji, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Hakutoka. Alijitia kushona.

Asubuhi alipofungua dirisha wote watatu walikuwa pale pale ukutani, chini ya kigae cha mtungi uliovunjika. Mvua ilikuwa imewala: Libère hakuwa na penseli wala sikio la kuibebea, na mkono wa kushoto wa Caritas ulikuwa umekwenda wote. Libère alikuwa amechota tope la ua, la hapo hapo kwenye kiwanja chao, anamtengenezea mkewe mkono mwingine. Tope lilishika bila shida. Alivuta kidole kimoja kimoja, akakosea, akampa vidole sita, na Caritas alipovihesabu akacheka mpaka kitoto mgongoni kikaamka.

Consolate aliwatazama. Alikuwa na kazi aliyoitaka, na mlango, na kufuli, na hapakuwa na mtu wa kumtengenezea hata kucha. Akauona wivu unampanda kifuani, ule ule wa dirisha la Elvire, mpaka akashika fremu. Aliwaonea wivu watu wa udongo wasio na pa kulala.

Akajifunga kitenge, akachukua mfuko wake, akatoka.

"Shikamoo, Mama," Libère alisema, wote watatu wakiwa wamekwisha kufika kizingitini. "Tunaomba ufunguo."

"Kesho," Consolate alisema. Akaufunga mlango wa kijani, akajaribu kufuli mara mbili, akawaruka, akaenda kufundisha.